Fundi wa Turwa aliyeingia darasa moja na mama mkwe wake

Saa nane mchana. Chini ya kibaraza cha bati katika kata ya Turwa, mjini Tarime, Proskovia Nalweyiso ameinamia sketi ya shule yenye marinda, pini tatu zikiwa zimebanwa midomoni. Mbele yake amesimama mama mwenye haraka na binti yake anayekua kwa haraka zaidi.

"Nishushe pindo au nipanue kiuno?" anauliza baada ya kuzitoa pini.

"Pindo tu. Kiuno kinatosha."

"Na kitambaa kinachobaki huku ndani, nikate?"

"Usikate. Mwakani atarefuka tena, tutashusha."

"Usikate," Proskovia anarudia. Anachukua chaki ya fundi na kuliandika neno hilo juu ya kitambaa, herufi moja moja, kila moja ikisimama mbali na mwenzake.

Mteja akishaondoka, fundi huyu anacheka peke yake kidogo. "Hilo neno nililijua kwa kuumia," anasema. "Zamani nilikuwa nasikia 'kate'. Hiyo 'usi' ya mbele ilinipita kama upepo."

Mwaka 2022 mama mmoja alimletea gauni la kitenge apunguze kiuno, akamsisitizia asikate mikono. Alikata yote miwili. Ilimbidi anunue kitenge kingine kwa akiba ya wiki mbili, akashona gauni upya, na mteja yule hakurudi tena.

Proskovia ana miaka 31. Amezaliwa Mityana, Uganda, na shule aliiacha darasa la nne. Kiganda ndicho alichonyonya, Kiingereza alikipata kidogo, na Kiswahili alikuwa akikisikia kwa mbali tu, kwa madereva wa malori.

Alikutana na mumewe, Mwikwabe Nyamhanga, Ndeeba, jijini Kampala. Mwikwabe alikuwa fundi magari. Yeye alikuwa akishona vitambaa vya viti vya magari kibanda cha pili. Kwa miaka saba aliyokaa huko, kijana huyo wa Tarime alikijua Kiganda mpaka wauza ndizi wakawa wanamwita kwa jina la ukoo wa Kiganda.

"Alinitongoza kwa Kiganda, tukagombana kwa Kiganda, tukapatana kwa Kiganda," anasema Proskovia. "Sikuona haja ya lugha nyingine."

Mwishoni mwa mwaka 2021 baba yake Mwikwabe alifariki. Mwikwabe ndiye kitinda mimba, na dada zake wote walikuwa wameolewa mbali. Januari iliyofuata familia ilifungasha mizigo ikavuka kuja Turwa kumtunza mama, wakiwa na binti yao Gati, aliyekuwa na miaka miwili na miezi kadhaa.

Miezi mitatu baadaye Mwikwabe alipata kazi ya ufundi wa magari kwenye kambi moja ya watalii upande wa Robanda, wilayani Serengeti. Ilikuwa kazi ya kukaa huko huko na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Ndani ya nyumba wakabaki wanawake wawili, mtoto, na ukimya.

Mama mkwe wake, Wegesa, ana miaka 66. Alizaliwa Busawe, akaolewa Tarime, na maisha yake yote ameyaishi kwa Kikurya. Kiswahili chake kilikuwa shikamoo, marahaba, na maneno ya kanisani.

"Baba yetu alisema shule yangu ni ng'ombe," anasema Wegesa, ambaye leo anajibu mwenyewe maswali ya mwandishi, polepole, akitafuta neno hadi alipate. "Kaka zangu walienda. Mimi nilichunga. Kiswahili nilikuwa nasikia watu wanapita nacho."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko walivyotarajia. Kila asubuhi Proskovia alipiga magoti mbele ya Wegesa kumsalimia, kama alivyofundishwa kwao kumheshimu mkubwa. Wegesa alishtuka. Alimshika mkono na kumnyanyua, na kesho yake mkwe akapiga magoti tena.

Majirani waliona. Maneno yakaanza: huyu mke wa Mwikwabe amefanya kosa gani kubwa hata aombe msamaha kila siku?

"Waliniuliza, nami sikujua," anasema Wegesa. "Nikawaza, labda kuna jambo ananificha. Labda amevunja kitu."

Upande wa pili, Proskovia naye alikuwa na hofu zake. Wegesa akizungumza, sauti yake hupanda juu na kukatika ghafla, kama ilivyo kwa wazee wengi wa huku. Kwa masikio ya mgeni ule ulikuwa ugomvi.

"Akitoka shambani ananisimamia pale mlangoni, anasema kitu kwa sauti kubwa. Mimi nanyamaza, nainamisha kichwa. Anasema tena. Naenda chumbani, nalia," anasimulia. "Nilikuja kujua baadaye. Alikuwa ananiuliza kama nimekula."

Kulikuwa na jambo jingine la kuchekesha ambalo wakati ule halikuchekesha. Proskovia aliokota maneno nyumbani na kuyapeleka sokoni, akidhani yote ni Kiswahili. Siku moja aliingia dukani kwa muuzaji aliyehamia kutoka Kilimanjaro akaomba "amanche". Muuzaji alimletea kibiriti, kisha mshumaa, kisha akaita watu. Alikuwa anaomba maji, kwa Kikurya.

Kazini alishika vipande tu: kuziba tundu, kubadili zipu, kukaza kifungo. Kazi ambayo mteja anaweza kuionyesha kwa kidole. Kwa siku alipata shilingi elfu tatu au nne. Nguo za kushona kuanzia mwanzo, ambazo zina faida, zilihitaji maelezo, na maelezo ndiyo yaliyomshinda.

Kilichomtoa kwenye hali hiyo kilikuja Machi 2023, asubuhi ya Jumatano.

Gati aliamka na homa kali. Kufika saa tatu alikuwa akitetemeka, macho yamegeuka. Proskovia alimfunga kwa kitenge mgongoni, Wegesa akachukua pochi na mwavuli, wakakimbia hadi zahanati ya karibu. Simu ya Mwikwabe haikupatikana. Huko alikokuwa siku hiyo mtandao haukufika.

Degedege lilikuwa limetulia walipofika, lakini mtoto alikuwa amelegea. Muuguzi alimpokea vizuri, akampima, akamwinamia usoni, akauliza: "Anaona?"

Kwa Kiganda, okuwona ni kupona. Proskovia alisikia anaulizwa kama mtoto amepona. Amepona vipi, na yuko vile?

"Haoni!" alijibu akilia. "Haoni, haoni!"

Muuguzi alirudia swali, akionyesha macho. Proskovia akadhani anaulizwa kama macho ndiyo yaliyomfanya ashtuke, akazidi kusema haoni. Muuguzi akamgeukia Wegesa, amuulize bibi. Wegesa alijibu kwa Kikurya. Muuguzi alikuwa mgeni katika mkoa, hakuelewa. Zahanati ikafanya ilichopaswa kufanya kwa mtoto aliyeambiwa amepoteza uwezo wa kuona ghafla: ikaita gari kumpeleka hospitali.

"Mimi naona watu wanakimbia, wanapitisha tochi kwenye macho ya mtoto wangu," anasema Proskovia. "Nikajua anakufa. Hakuna mtu alikuwa ananiambia kitu ninachokielewa. Mama naye ananiangalia mimi nimwambie. Tulikuwa watu wazima wawili, tena kama tumezibwa mdomo."

Hospitalini, baada ya maswali yale yale kupata majibu yale yale, mtaalamu wa maabara aitwaye Vincent aliyekuja kuchukua damu alisimama akasikiliza. Vincent ni mzaliwa wa Missenyi, mkoani Kagera, na utotoni alikaa kwa shangazi yake Masaka. Alimsogelea Proskovia na kumuuliza kwa Kiganda.

"Nilimuuliza tu, nnyabo, yaani mama, unasema mtoto haoni au hajapona?" anakumbuka Vincent. "Alinishika koti langu jeupe kwa mikono miwili. Hakuniachia mpaka nilipomaliza kutoa damu ya mtoto."

Ilikuwa malaria. Macho ya Gati yalikuwa mazima. Baada ya siku mbili za dawa alikaa kitandani akaomba uji, kwa Kikurya, akamwagiza bibi yake asisahau sukari.

Proskovia anasema hajawahi kupumua kama alivyopumua mchana ule. Lakini njiani kurudi nyumbani alifikiria jambo moja tu: kama Vincent angekuwa zamu nyingine, ingekuwaje?

Jumapili iliyofuata kanisani lilisomwa tangazo ambalo lilikuwa likisomwa kila mara bila wao kulielewa. Safari hii jirani yao Kezia alimweleza Wegesa kwa Kikurya na Proskovia kwa ishara: kuna darasa la Kiswahili la watu wazima, Jumanne na Alhamisi saa kumi, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa. Halina ada. Kila mtu anakuja na daftari na penseli, na mwezi anachanga shilingi elfu moja ya chaki.

Mwalimu ni Winfrida, mwenye miaka 63, aliyestaafu baada ya kufundisha shule za msingi kwa miaka thelathini na mitano. Alilianzisha darasa hilo mwaka 2021 akiwa na wanafunzi wanne. Sasa wako kumi na tisa: wake walioolewa kutoka nje ya mipaka, fundi seremala mmoja kutoka Burundi, na wazee wa hapa hapa wa Kikurya na Kijaluo.

"Watu wanadhani Kiswahili Tanzania kinaota chenyewe kama majani," anasema Mwalimu Winfrida. "Hapa kwetu kinapandwa. Mtu akikosa wa kumpandia utotoni, atazeeka bila hicho. Mgeni na bibi wa Tarime wanaweza kukaa benchi moja, na wamekaa."

Siku ya kwanza walikwenda wote wawili, Proskovia mbele na Wegesa nyuma, kwa sababu Wegesa alikataa kubaki. Hakuna aliyemwalika. Alivaa tu viatu.

Mwalimu aliwataka wanafunzi wajitambulishe kwa sentensi mbili: jina, na wewe ni mkazi wa wapi. Ilipofika zamu ya Proskovia alisimama akatazama pembeni. Kwa Kiganda omukazi ni mwanamke. Swali lilimshangaza, lakini alilijibu kwa ujasiri.

"Mimi Proskovia. Mimi mkazi wa Mwikwabe."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Wegesa naye alicheka, kwa sababu wenzake walicheka. Mwalimu Winfrida aliwanyamazisha na kueleza kosa kwa upole, lakini Proskovia hakusikia chochote tena.

"Nilimwona Mama anacheka," anasema. "Hao wengine siwajui, wacheke. Lakini yeye! Nikasema basi, huyu mama hanipendi, na ameona nafasi."

Hakurudi darasani Alhamisi. Hakurudi Jumanne. Alhamisi ya pili alitoa begi lililokuwa juu ya kabati na kuanza kupanga nguo zake na za Gati. Nauli ya hadi Kampala alikuwa nayo. Angemweleza mumewe kwa simu akishavuka mpaka.

Wegesa alipita mlangoni akaliona begi. Alitoka nje ya uzio, akaenda moja kwa moja kwa Kezia.

Kezia, muuza mboga mwenye umri wa miaka arobaini na tano, anaikumbuka siku hiyo. "Alikuja anahema. Akaniambia kwa Kikurya, nipe maneno ya Kiswahili ya kumwambia mtu asiondoke. Nikampa. Akaondoka huku anayarudia kwa sauti, kama mtu aliyebeba maji mikononi anaogopa yasimwagike. Nilimsikia mpaka alipoingia kwake."

Proskovia alikuwa amepiga magoti akifunga zipu ya begi. Mama mkwe wake alisimama mlangoni, madaftari yote mawili mkononi, lake na la mkwe.

"Mama Gati," alisema. "Usiende. Twende shule."

"Ile 'usi' niliisikia," anasema Proskovia. Anakunja ncha ya kitambaa kilicho mapajani. "Niliisikia vizuri kabisa."

Waliingia darasani wakiwa wamechelewa nusu saa. Mwalimu Winfrida aliwasogezea benchi bila kuuliza kitu.

Tangu hapo hawajakosa zaidi ya mara tatu, anasema mwalimu huyo, na zote zilikuwa za mvua au msiba. Nyumbani waliweka sheria yao: baada ya chakula cha jioni ni Kiswahili tu, hata kama ni kibovu. Gati, aliyekuwa ameshaokota Kiswahili kwa watoto wenzake, akawa msahihishaji asiye na huruma.

"Anatukatiza," anasema Wegesa. "Unasema 'kitanda yangu', anasema hapana Bibi, 'changu'. Unaanza upya. Chakula kinapoa."

Ilikuwa kwenye mazungumzo hayo, miezi mitano baada ya darasa la kwanza, ambapo Wegesa alimuuliza mkwe wake alichotaka kumuuliza kwa karibu miaka miwili: ni kosa gani analoliombea msamaha kila asubuhi?

Proskovia alishangaa. Akaeleza, kwa maneno aliyokuwa nayo: kwetu mkubwa anasalimiwa hivyo. Ni heshima. Hakuna kosa.

"Nilishusha pumzi," anasema Wegesa. "Nilikuwa naogopa jibu. Kumbe ni salamu!" Asubuhi iliyofuata alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani wale wale.

Naye alitoa la kwake. Alimwambia mkwe wake kwamba tangu walipofika alikuwa akiishi na hofu moja. Amemzika mume, mabinti wako mbali, na huyu mwanamke asiyemwelewa siku moja atamchukua mwanawe wa mwisho na mjukuu, arudi nao kwao. Ndiyo maana alikuwa hatulii asipojua kama mkwe amekula. Mtu anayekula vizuri, alifikiri, hawezi kuondoka.

"Hapo ndipo nilielewa ile sauti ya mlangoni," anasema Proskovia. "Tulicheka mpaka Gati akatuambia tunampigia kelele."

Mwikwabe, anayefika nyumbani siku hizi kila baada ya wiki mbili baada ya zamu za kambini kubadilishwa, anasema mabadiliko aliyasikia kwanza kwenye simu.

"Zamani nikipiga, Mama ananiambia lake kwa Kikurya, mke wangu lake kwa Kiganda, mimi katikati kama mahakama," anasema. "Siku moja napiga, nasikia wanabishana wenyewe kuhusu mbegu za mahindi. Kwa Kiswahili! Niliwaacha wabishane. Nilikaa chini ya gari nililokuwa natengeneza, nikasikiliza tu mpaka salio likaisha."

Kazini nako kumebadilika. Mteja akija sasa anaulizwa: shingo ya duara au ya pembe, mkono wa robo tatu au mrefu, iwe na bitana au isiwe nayo. Proskovia anashona magauni, sare za shule, na mwaka huu amepewa sare za kwaya za kanisani, jumla ishirini na mbili. Kwa siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na tano. Amenunua cherehani ya pili, na amemwajiri binti wa jirani anayeitwa Nice kukaza vifungo na kupiga pasi.

Hajamaliza kujifunza, wala hajifanyi amemaliza. Akikasirika, Kiganda humtoka chenyewe. Maandishi bado humchosha. Barua ya serikali ya mtaa anaisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho na ya pili kwa sauti. Lakini alipokwenda ofisi ya uhamiaji mwaka jana kuhuisha kibali chake, hakumsubiri mumewe arudi kumsemea. Alijibu mwenyewe, akajaza fomu mwenyewe, akatoka akanunua soda.

"Niliinywa nikiwa nimesimama pale nje barabarani," anasema. "Baridi, tamu. Sikutaka hata kukaa."

Lengo lake la karibu ni jaribio la ufundi wa ushonaji, ambalo sehemu yake moja ni ya kuandika kwa Kiswahili. Akipata cheti, anataka kuomba kazi ya kushona vitambaa vya viti vya magari ya watalii huko Robanda, kazi aliyoianza Ndeeba akiwa msichana. Mwikwabe ameshaulizia, wenye magari wanataka mtu anayeweza kusoma oda na kuandika risiti.

Lipo jingine, na hili ni la wote wawili. Desemba wanasafiri kwenda Mityana. Itakuwa mara ya kwanza kwa Wegesa kupita ng'ambo ya Sirari, mpakani na Kenya, na mara ya kwanza kumwona mama yake Proskovia, mkwe mwenzake ambaye wamekuwa wakisalimiana kwa kupungiana mikono kwenye picha za simu. Hati ya kusafiria imeshatoka. Wegesa anaitunza ndani ya Biblia.

Tatizo ni kwamba mama huyo wa Mityana hajui Kiswahili hata kidogo.

Kwa hiyo siku za Jumatatu na Ijumaa, ambazo Mwalimu Winfrida hafundishi, kuna darasa jingine kwenye kibaraza hiki. Mwalimu ni Proskovia. Mwanafunzi ni mmoja, mwenye daftari jipya, miwani imeshuka puani, na maswali mengi.

"Nifundishe kumwambia asante kwa kunizalia huyu," Wegesa anamwambia mkwe wake, akilamba ncha ya penseli. "Kwa Kiganda. Lakini polepole, niandike."